Kwenda Sanje kwa miguu: maporomoko ya Udzungwa hatua kwa hatua

Ukipita njia ya Mikumi kwenda Ifakara mchana kweupe, ukishaiacha Kidatu na mashamba ya miwa yakaanza kutanda pande zote, angalia kulia kwako juu mlimani. Kuna mstari mweupe umening'inia kwenye kijani, kama mtu kaanika shuka refu kwenye mwamba. Watu wengi kwenye basi wanauona, wanasema "maji yale", alafu wanarudi kulala. Hayo ndo maporomoko ya Sanje, mita 170 kwa ngazi tatu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, na mi nimeyaendea mara tano sasa, mara ya kwanza nilifanya karibu kila kosa linalowezekana na mara ya tano ndo naweza kusema niliyaona kweli. Naandika hapa nilivyojifunza, kwa mtu anayetokea Dar au Morogoro au popote, ambaye hana gari lake na hataki kulipa kampuni ya utalii hela nyingi.

Kabla ya hatua zenyewe nieleze kwa nini maporomoko haya sio kama mengine, maana ukilijua hili utapanga safari tofauti. Udzungwa haina barabara za magari ndani. Hakuna kukaa kwenye lendikruza unapiga picha dirishani, unatembea tu, kila kitu ni kwa miguu. Na msitu wenyewe unaanza chini kabisa bondeni, kama mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, unapanda bila kukatika mpaka milimani zaidi ya mita 2,500, sehemu za namna hiyo zimebaki chache sana Afrika Mashariki nzima. Mawingu yanatoka Bahari ya Hindi yanagonga ukuta huu wa mlima yanashusha mvua, udongo wa msitu unayanywa maji kama sifongo, unayaachia polepole mwaka mzima, na mlima umekatika ghafla upande wa bonde la Kilombero kwa hiyo vijito havina pa kuteremkia taratibu, vinaruka. Kwa hiyo Sanje ni kazi ya msitu. Mtu anayekimbilia kuona maji akapiga selfi akarudi anakuwa ameona mkia akamwacha ng'ombe.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Mvua kubwa upande huu ni Machi mpaka Mei, na kuanzia Novemba inaanza kurudi. Wakati wa masika maji yanakuwa mengi ya kutisha lakini njia inateleza vibaya, mizizi inakuwa kama imepakwa sabuni, na ukifika huko juu ukungu unaweza kufunika usione hata bonde. Agosti mpaka Oktoba njia ni kavu, safi, ila maji yanakuwa yamepungua, hayakauki lakini yamepungua. Mi nakushauri Juni mwishoni au Julai. Maji bado yana nguvu ya masika, ardhi imekauka, jua sio kali sana na usiku kuna kabaridi kazuri. Kitu kimoja tu cha kujua ni kwamba miezi hiyo msimu wa kuvuna miwa unakuwa umeanza, wanachoma mashamba kabla ya kukata, kwa hiyo jioni unaweza kuona majivu meusi yanadondoka kama vipande vya karatasi hewani. Mwenye pumu abebe dawa yake.

Hatua ya pili: tenga siku

Hapa ndo watu wengi wanakosea na mi nilikosea. Nilitoka Morogoro asubuhi nikifikiri ntaona maporomoko mchana nirudi jioni. Nikafika getini saa nane, mapokezi wakaniambia kwa upole kwamba Sanje kwa saa ile haiwezekani maana giza la msituni linaingia mapema kuliko la nje, nikabaki nazunguka karibu na ofisi nikarudi kesho yake nimechoka na hela imeenda. Tenga usiku mbili. Siku ya kwanza kufika na kutembea kidogo, siku ya pili Sanje yenyewe, siku ya tatu kuondoka. Ukiweza tatu ni bora zaidi, ntaeleza chini.

Hatua ya tatu: kufika Mang'ula

Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula, wilaya ya Kilombero, mkoa wa Morogoro. Kutoka Dar kuna mabasi ya moja kwa moja ya Ifakara yanaondoka stendi ya Magufuli kule Mbezi, unamwambia konda unashuka Mang'ula, basi. Njia nyingine ninayoipenda siku hizi ni kuchukua treni ya SGR mpaka Morogoro, hata masaa mawili hayaishi, ukishuka unachukua bajaji mpaka stendi ya Msamvu, pale unapanda basi la Ifakara. Kata tiketi ya treni mapema, wikiendi zinaisha.

Kutoka Morogoro unakaa upande wa dirisha maana barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kilometa kama 50 hivi, twiga na tembo na swala wanaonekana bure kabisa kutoka kwenye basi. Mikumi mjini mnaiacha barabara kuu ya kwenda Iringa mnakunja kushoto. Hapo zimebaki kilometa kama 60. Mnapita Kidodi, mnapita Ruaha, mnavuka mto Ruaha Mkuu, mnaingia Kidatu, kwenye ule mtambo wa umeme wa megawati 204. Alafu unaanza ukuta wa milima kulia, na miwa, na reli ya TAZARA inaambaa na nyie. Treni ya TAZARA nayo inapita bonde hili ila ratiba yake usiitegemee kama una siku tatu tu.

Angalizo: kijiji cha Sanje kinakuja KABLA ya Mang'ula ukitokea Mikumi, kama kilometa 10 hivi kabla. Usishawishike kushuka hapo ukasema si ndo maporomoko yapo hapa. Lazima kwanza ufike makao makuu Mang'ula ujiandikishe, ulipe, upewe muongozaji, ndipo urudi Sanje. Nimewakuta vijana watatu pale kijijini wameshuka na mabegi yao wanauliza njia ya mlimani, ikabidi wapande bodaboda kwenda mbele na kurudi nyuma.

Hatua ya nne: pa kulala na kula

Mang'ula kuna gesti za bei zote, za kawaida kabisa karibu na barabara na nyingine nzuri zaidi zenye bustani karibu na geti. Ndani ya hifadhi kuna kambi za mahema, ukiwa na hema lako ni raha sana, usiku unasikia mto na wadudu na asubuhi unaamshwa na mbega juu ya kichwa. Gesti yoyote utakayochukua uliza kitu kimoja kabla ya bei, chandarua. Bonde la Kilombero lina mbu wa malaria tangu zama hizo, ndo maana hata watafiti wa mbu wameweka makao Ifakara pale. Kama unatoka sehemu isiyo na malaria au yenye malaria kidogo, Nairobi au Ulaya au Arusha hata, ongea na daktari kuhusu dawa ya kinga kabla hujatoka. Wenyeji wa Dar tunajifanya tumezoea lakini dawa ya kupaka bebeni tu.

Kula sina wasiwasi na wewe. Hili ndo bonde la mchele wa Kilombero bana, wali wa mama ntilie wa Mang'ula ukiwa na perege wa kukaanga au kambale wa nazi utasahau shida za basi. Jioni hiyohiyo mwombe mama akufungie chakula cha kesho, chapati na mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu, maana huko mlimani hakuna duka. Mwambie unatoka saa kumi na mbili asubuhi, wengi wanaamka mapema kuliko wewe.

Hatua ya tano: getini

Nenda getini siku ileile unayofika, hata kama umechoka. Unajieleza unataka Sanje kesho asubuhi, wanakuandikia, wanakutafutia muongozaji. Bebeni vitambulisho, kitambulisho cha taifa au pasipoti, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi na bei yetu ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni wa nje, na bila kitambulisho huwezi kuthibitisha. Hela ya mkononi hawapokei, unapewa kontrol namba unalipa kwa simu au kadi, kwa hiyo hakikisha laini yako ina salio kabla hujafika maana ukikuta netiweki inasuasua utasimama pale nusu saa. Viingilio vinabadilika, piga simu TANAPA, lile shirika la hifadhi za taifa, au angalia tovuti yao wiki hiyohiyo unayosafiri, usitegemee bei ya mtu aliyeenda mwaka juzi. Ada ya muongozaji ni tofauti na kiingilio na mara nyingi mnaigawana kwenye kundi, kwa hiyo mkiwa wanne au watano inakuwa nafuu. Muongozaji ni lazima. Usijaribu kukwepa. Kuna tembo na nyati ndani ya msitu huo, na tembo wa msituni humuoni mpaka umfikie.

Pale kwenye ofisi ulizia pia hali ya njia, kama mvua imenyesha usiku watakwambia ukweli.

Baada ya kumaliza malipo, kama bado kuna mwanga, omba kwenda maporomoko ya Prince Bernhard. Ni kanjia kafupi tu kutoka ofisini, hata mtoto anaweza. Maporomoko yenyewe madogo, yamepewa jina la yule mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuwa rais wa kwanza wa WWF, shirika la kimataifa la kuhifadhi mazingira na wanyamapori, na ambaye alikuja kuizindua hifadhi mwaka 1992. Nakushauri uende sio kwa sababu ya maji bali kwa sababu miguu yako na masikio yako yanahitaji kuuzoea msitu. Jioni ile ndo nilimwona mbega mwekundu kwa mara ya kwanza, ana kichwa kama kavaa kofia ya manyoya ya rangi ya kutu, anaruka tawi hadi tawi anadondosha majani, na mbega huyu haishi popote duniani isipokuwa milima hii na viunga vyake.

Hatua ya sita: begi

Raba zenye kashata, sio zile bapa za mjini. Soksi ndefu, ingiza suruali ndani ya soksi, utaonekana kichekesho lakini siafu wakikupandia utanikumbuka, na kuna sehemu za chini zina upupu. Suruali nyepesi ndefu, sio jinzi, jinzi ikilowa inakuwa mzigo. Maji lita mbili mpaka tatu kwa kila mtu, kwa sababu joto la chini ya msitu lina unyevu, unatoka jasho kama uko jikoni. Nguo ya kuogelea uvae kabisa ndani. Taulo dogo au kanga, kanga inafanya kazi zote, kujifuta, kukalia, kufunika begi mvua ikija. Mfuko wa plastiki mgumu wa kuwekea simu, maana kule chini ya maporomoko hewa yenyewe imelowa na simu ya rafiki yangu ilikufa hapo bila hata kudumbukia majini. Pawabanki, plasta, chumvi kidogo na sukari ukijisikia kuishiwa nguvu. Mwavuli acha.

Na mfuko wa taka zako. Kila ganda linarudi nawe, hata la ndizi.

Hatua ya saba: kupanda

Ondoka Mang'ula saa kumi na mbili na nusu, mnachukua bajaji au bodaboda na muongozaji mpaka kituo cha askari cha Sanje. Mpatane na dereva kabisa saa ya kuja kuwachukua na mchukue namba yake. Mkianza kutembea saa moja asubuhi mko vizuri, bado kuna ubaridi na nyani na mbega ndo wanakula.

Mwanzo ni pole pole halafu ghafla njia inasimama. Kweli inasimama, kuna sehemu unapanda kwa kushika mizizi. Usiende mbio na kundi lenye vijana wenye pumzi, mtangulizeni yule mwenye mwendo mdogo zaidi, wote mfuate mwendo wake, hilo muongozaji mwenyewe atawaambia na ni kanuni nzuri kuliko zote. Mzunguko wote, kupanda na kushuka, watu wenye mwendo wa kawaida wanatumia kama masaa manne, lakini mi nasema jipe sita maana sitaki ukimbie.

Huku chini miti ni mikubwa ya ajabu, mivule na mikangazi yenye mashina ya kushikana mikono watu watano, na mizizi iliyosimama kama kuta. Simama hapo dakika kumi bila kuongea. Mwambie na muongozaji kwamba mnataka kusimama, wengi wanafurahi kwa sababu wageni wengine wanawaburuza tu. Utasikia kwanza hondohondo, mabawa yake yanavuma kama mtu anapuliza kwa nguvu, unamsikia kabla hujamwona. Kwenye majani makavu chini ukisikia mchakachaka wa haraka haraka ujue huenda ni sange, yule mnyama mwenye pua kama mkonga mdogo. Udzungwa wana sange wao wa peke yao, mwenye uso wa kijivu, ametambuliwa na sayansi mwaka 2008 tu, juzi hapo.

Na kama una bahati kweli utakutana na mangabei wa Sanje. Nyani huyu jina lake limetoka kwenye kijiji hiki hapa chini. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa wanafanya kazi humu wakasikia mlio ambao haukutakiwa kuwepo Tanzania upande huu, mlio mzito wa kuguna unaofuatwa na kama kicheko, wakafuatilia, kumbe kuna nyani mzima ambaye vitabu vyao havimjui. Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote, na jina lake walikuwa nalo. Ni wa kijivu, kichwani nywele zimesimama kama amechana kwenda juu, anatembea sana chini anapekua majani. Kuna kundi ambalo limeshazoea watu kwa sababu watafiti wanalifuata kila siku, mwombe muongozaji aulize kama liko karibu siku hiyo. Ukiwaona kaa mbali nao hatua nyingi, usile mbele yao, usiwatupie kitu, na kama una mafua vaa barakoa au ubaki nyuma, mafua yetu yanawaua.

Msitu huu unaendelea kutoa vitu hivihivi. Kule upande wa pili wa milima, msitu wa Ndundulu, mwaka 1991 watafiti walikuwa wanakula wakaona miguu ya ndege ndani ya chungu, miguu ambayo hawaijui, na ndivyo dunia ilivyomjua kwale wa Udzungwa. Huyo humuoni njia ya Sanje, yuko mbali, ila ukiwa unapanda unahema ukikumbuka kwamba vitu vya namna hiyo vimo humu humu, miguu inapata nguvu, mi ndo inavyonisaidia.

Hatua ya nane: kwenye maji

Kuna sehemu njia inafunguka mnayaona maporomoko makubwa yote kwa mbali, yanashuka ukutani. Piga picha hapo, ndo picha utakayoipenda, ukishayakaribia hayaenei kwenye simu.

Alafu mnapanda zaidi mpaka kwenye ngazi za juu, kwenye mabwawa ya kuogelea. Kabla hujayaona unayahisi, upepo wa baridi unakuja kwenye uso, majani yote yanachuruzika, miamba ina kuvu la kijani nene. Angalia kwenye miamba yenye kivuli utaona pengine vijimaua vya zambarau, majani yake yana manyoya. Watu wa Ulaya wanavipanda kwenye vyungu madirishani wanaviita violeti ya Afrika, asili yake ni milima hii ya Tao la Mashariki, kuanzia Usambara huko mpaka huku. Usichume hata kimoja.

Huo mvuke wa maji ni nchi yenye viumbe wake wenyewe. Wengi tunawajua vyura wa Kihansi, wale wadogo wa njano waliokuwa wanaishi kwenye mvuke wa maporomoko ya Kihansi, upande wa kusini wa milima hiihii ya Udzungwa. Walijulikana mwaka 1996, mwaka 2000 maji yakageuzwa kwenda kwenye mtambo wa umeme, mvuke ukakata, na chura akatoweka porini kabisa. Kabla hajatoweka, mia tano hivi walikuwa wamepelekwa Marekani wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo ndo wakaanza kurudishwa kuanzia mwaka 2010, na pale bondeni ikabidi wawekewe mabomba ya kunyunyizia maji. Nikisimama kwenye mvuke wa Sanje nawakumbuka wale vyura kila mara. Kwa hiyo usikanyage pembeni pembeni kwenye kuvu bichi ili upate picha nzuri, pita kwenye mwamba mtupu alipopita muongozaji.

Kuogelea ni ruhusa sehemu atakazokuonyesha muongozaji tu. Maji ni baridi ya kukata pumzi, ingia kidogo kidogo, usiruke kwa kichwa maana chini kuna mawe. Usijipake mafuta wala sabuni kabla, yale maji yanaenda kunywewa na watu vijijini. Na usisogelee ukingo wa juu pale maji yanaporukia bondeni. Sitaki kuzunguka kwenye hili: ule mwamba unaonekana mkavu na una utelezi, chini ni makumi ya mita, hakuna picha yenye thamani hiyo. Kaa nyuma alipokaa muongozaji, kaa chini kabisa matako yaguse mwamba, ndo uangalie.

Na uangalie kweli, fungua chapati zako ule hapo. Mbele yako bonde lote la Kilombero limetandazwa, miwa imegawanywa miraba miraba, reli, bati za nyumba zinawaka jua, na mbali kabisa kule mashariki unaanza pori la Nyerere. Maji yanayopita pembeni ya mguu wako yanaishia Rufiji, yatapita kwenye bwawa la umeme la Nyerere, yatafika baharini. Mi nikikaa hapo huwa sitaki kuondoka, mara ya mwisho tulikaa saa nzima na nusu hakuna aliyeongea sana.

Hatua ya tisa: kushuka

Kushuka ndo kunaumiza watu, sio kupanda. Magoti yanatetemeka, mtu kachoka, anaanza stori, anateleza. Muombe muongozaji akutafutie fimbo iliyodondoka yenyewe, sio ya kukata, na ushuke upande upande kama unashuka ngazi ya jahazi. Wekeni simu ndani. Mkimaliza maji ya kunywa kabla ya kufika chini msinywe ya kijito bila kuyachemsha au kuyatia dawa.

Chini kijijini kuna watoto watawasalimia, itikieni. Kuna kina mama wanauza ndizi, miwa na machungwa, nunueni, na mjue kwamba watu hawa wamejinyima. Zamani walikuwa wanaruhusiwa kuingia msituni siku moja ya wiki kuokota kuni, tangu mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifutwa, sasa wanahangaika na kupanda miti yao na majiko ya pumba. Mgeni anayekuja kuogelea akaondoka bila kununua hata ndizi moja hajafanya vizuri, hayo ni maoni yangu na nasimama nayo. Ila mtu akikuletea nyama pori au kinyonga au mche wa maua, kataa, hata kama bei ni ndogo. Bakshishi ya muongozaji mpe mkononi mwenyewe.

Ukiwa na siku ya ziada

Chukua njia ya Sonjo, fupi, kama kilometa mbili na nusu, ina maporomoko yake na inafaa kwa familia yenye watoto au mzee. Mwenye miguu mizuri na hema kuna kilele cha Mwanihana, hiyo ni kilometa 38 kwenda na kurudi, kulala msituni siku mbili hadi tatu, na hiyo inahitaji askari mwenye silaha na maandalizi tofauti kabisa, usiamue ukiwa getini. Na kama umeridhika na Sanje, rudi tu Prince Bernhard asubuhi ukae. Siku yangu bora kuliko zote Udzungwa sikupanda mahali popote, nilikaa kwenye jiwe karibu na kambi tangu saa moja mpaka saa nne, mbega wekundu, mbega weusi wenye mabega meupe, na kima wakaja kula kwenye mti mmoja mkuyu, kila kundi na tawi lake.

Kuondoka

Mabasi ya kurudi Morogoro na Dar yanatokea Ifakara, mengi yanapita Mang'ula asubuhi, kwa hiyo ulizia jioni yake muda kamili pale barabarani na uweke nafasi kwa simu, la sivyo utasimama mpaka Mikumi. Nunua mchele hukohuko, kilo kumi hazikuui, mwulize mama aliyekupikia wali anaununua kwa nani. Kaa upande wa kushoto wa basi ukirudi. Kama dakika kumi na tano baada ya kuondoka, kabla hamjafika kituo cha Sanje, utaanza kuyaona tena yale maji juu mlimani.